Mawe Ishirini na Mawili ya Uwanja wa Kiroboto

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa jina. Wenyewe wanaijua, na wasioijua wakitajiwa watadhani wanasemwa wao. Itoshe kusema kwamba ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi kuliko pumzi za wananchi, na ina Kinara Mkuu ambaye picha yake imetundikwa katika kila ofisi, duka na kinyozi. Katika nchi hiyo kuna mji uitwao Kiroboto, na katika mji huo palikuwa na kiwanja cha mpira, na mwenye kiwanja hicho, kwa mapenzi ingawa si kwa hati, alikuwa Bi. Sikudhani Mbaruku.

Bi. Sikudhani alikuwa mtunza nyasi wa manispaa, ajira ya muda, mwaka wa kumi na nne. Alikikuta kiwanja hakina kitu, vumbi tupu, mpira ukidunda wachezaji wanapotea. Akaenda mtoni na tenga, akang'oa ukoka pamoja na mizizi yake, akaupanda kishungi kwa kishungi kutoka goli la mashariki mpaka la magharibi. Kazi hiyo ilimmalizia misimu mitatu ya mvua na jozi nne za ndala. Ukoka ulipotanda akawa anaufyeka kila Alhamisi, anaumwagilia kiangazi, na mbuzi wa mtaani anawafukuza kwa majina yao. Aliupenda ukoka ule, na hakuona haya kulisema hilo mbele ya watu.

Sasa siku moja redio ikatangaza kwamba nchi itajenga uwanja wa kisasa, na utajengwa Kiroboto, palepale kilipo kiwanja.

Mfano wake uliletwa kwa ndege kutoka ng'ambo, ukawekwa ndani ya sanduku la kioo kwenye ukumbi wa Wizara ya Michezo na Matarajio. Ulikuwa na viti elfu sitini, paa la kufunguka na kufungika, taa za kumfanya mchezaji asiwe na kivuli, lifti ya mgeni rasmi, lifti ya akiba ya mgeni rasmi, benki mbili, na watu wadogo wa plastiki waliokwisha kuanza kushangilia. Waziri, Mheshimiwa Dakta Pambe, aliukatia utepe mfano huo. Akasema kwamba kuanzia siku ile nchi ina uwanja, kilichobaki ni kuukuza tu.

Kuhusu fedha alisema wananchi wasiwe na hofu. Fedha zilikuwa salama kabisa kwa sababu hazikuwepo, na kitu kisichokuwepo hakiwezi kuibiwa. Zikatafutwa. Nchi rafiki ikakopesha kwa masharti nafuu, yaliyoandikwa kwa lugha ya nchi rafiki ili unafuu wake usipotee katika tafsiri. Wananchi nao wakachangia kwa hiari kupitia tozo ya lazima kwenye chumvi, kiberiti na nywele bandia. Watumishi wa serikali wakaongezewa tozo ya kushangilia, iliyokatwa mapema kwenye mshahara kwa kukadiria furaha watakayoipata siku uwanja utakapokamilika. Bi. Sikudhani alikadiriwa furaha ya daraja la tatu.

Ujenzi ukaanza kama unavyoanza popote, yaani kwa jiwe la msingi. Kinara Mkuu mwenyewe alikuja. Kwa kuwa wahandisi walikuwa hawajakubaliana ukuta upite wapi, mahali pekee palipokuwa tambarare, safi, na penye nafasi ya mahema palikuwa pale katikati ya kiwanja, kwenye duara la kuanzia mpira. Bi. Sikudhani aliambiwa akwangue ukoka kiasi cha mkeka mmoja. Akakwangua, roho inamuuma, akautia kwenye tenga akaenda kuupanda pembeni.

Jiwe lilikuwa la marumaru, na pazia jekundu, na kamba ya dhahabu. Kinara Mkuu akavuta kamba, pazia likafunguka, makofi yakapigwa, pilau ikaliwa, fulana zenye picha ya jiwe zikagawiwa. Ilikuwa shughuli ya kupendeza. Ilipendeza mno, kwa sababu kesho yake viongozi wengine wakaanza kujiuliza kwa nini na wao hawana jiwe.

Hapo ndipo alipoingia Bwana Erasto Mdimu, Afisa Itifaki Mkuu, mtu mwembamba wa suti nyeusi ambaye alikuwa anaijua Kanuni ya Itifaki kama wengine wanavyojua majina ya watoto wao. Mafundi walipokuja na matofali wakitaka kujenga, Bwana Mdimu aliwasimamisha.

"Mnataka kulaza nini juu ya jiwe la Mheshimiwa?" aliuliza.

"Tofali, bwana. Jiwe la msingi linajengewa."

"Kifungu cha tisa," akasema Bwana Mdimu, akafumba macho ili akisome vizuri. "Hakuna mtu, kitu wala jengo litakalokaa juu ya kiongozi, wala litakalomzidi kimo. Nyinyi mnataka kumkanyaga."

Mafundi wakaomba radhi, wakaondoka na matofali yao. Lakini kifungu cha tisa hakikukataza mawe mengine ya msingi, ilimradi yakae pembeni na yawe mafupi. Makamu wa Kinara akaweka la kwake, Waziri Pambe naye la kwake. Waziri wa Fedha akaweka jiwe la msingi la ufadhili, Waziri wa Maji jiwe la msingi la mabomba ya vyoo, na balozi wa nchi rafiki akaweka jiwe lenye maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma na wote waliyapigia makofi. Waziri alipobadilishwa, mpya alikuja na lake, maana huwezi kuendeleza jiwe la mwenzako. Kila jiwe lilikuwa na bajeti yake ya mahema, jenereta, kofia na ngoma, na kila mara Bi. Sikudhani aliitwa akwangue mkeka mwingine wa ukoka.

Baada ya miaka minne karibu fedha zote za uwanja wa kisasa zilikuwa zimetumika vizuri, kwa stakabadhi, na uwanja ulikuwa na mawe ya msingi ishirini na mawili. Yalitapakaa huku na huku kiwanja kizima, mawili hata ndani ya maboksi ya goli. Timu ya Kiroboto iliendelea kucheza hapohapo. Wachezaji wake wakawa mafundi wa chenga nchi nzima, na pia wakawa na magoti mabaya kuliko timu yoyote.

*

Shirikisho la mpira la ukanda likatuma wakaguzi wawili. Walishuka garini, wakatazama kiwanja, wakavua kofia. Mmoja wao akainama mbele ya jiwe la Waziri wa Maji, akanyamaza kwa dakika nzima, kisha akamgeukia Bi. Sikudhani aliyekuwa kando na fyekeo lake.

"Pole sana, mama," akasema. "Walikufa katika mechi gani?"

Bi. Sikudhani alitaka kucheka na alitaka kulia, akashindwa kuchagua. "Hawajafa, baba," akajibu. "Wako ofisini."

Taarifa ya wakaguzi ilikuwa fupi. Mechi ya mwisho ya msimu, Kiroboto dhidi ya timu ya Chokaa, ichezwe kwenye kiwanja kisicho na makaburi, au Kiroboto ihesabiwe imeshindwa. Na Kiroboto ilihitaji angalau sare ili isishuke daraja.

Kamati ilikutana palepale uwanjani chini ya hema. Waziri Pambe alikuwepo, maana alikuwa amerudishwa wizarani na tayari alikuwa na mawe mawili. Ikapendekezwa mawe yang'olewe, Bwana Mdimu akauliza nani atakuwa wa kwanza kumng'oa Kinara Mkuu. Ikapendekezwa mechi ifutwe, ikapendekezwa mpira ufutwe. Bi. Sikudhani alikuwa ameitwa kuja kupanga viti, na alipomaliza hakuondoka.

"Waheshimiwa, samahanini," akasema. "Mimi naona mawe yanaonewa. Mwaka wa nne huu yako juani, yananyeshewa, mbuzi wanayapandia. Mgeni rasmi gani anawekwa katikati ya kiwanja? Mgeni rasmi hukaa jukwaani."

Bwana Mdimu akafumba macho, akasoma Kanuni yote kichwani kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Ni kweli," akasema taratibu. "Tumekuwa tukiyakosea adabu."

Basi likajengwa jukwaa. Salio la mkopo lilitosha jukwaa moja tu, lenye paa, mazulia na viti ishirini na viwili vya ngozi, na nyuma yake ukuta mrefu wa kuzuia upepo. Ndilo jengo pekee lililowahi kukamilika. Wabeba mizigo wa sokoni wakayabeba mawe kwa machela na kuyakalisha kwenye viti, na upangaji ulichukua siku tatu kwa sababu jiwe la waziri mmoja aliyefukuzwa kazi lilibidi ligeuzwe litazame ukutani, na kabla halijakaa vizuri mwenyewe akateuliwa tena. Jiwe la Kinara Mkuu lilikalishwa mbele katikati, juu ya mito miwili, ili limzidi kila mtu kimo.

Usiku na mchana Bi. Sikudhani hakupumzika. Aliziba vipara ishirini na viwili kwa ukoka aliokuwa ameuhifadhi pembeni miaka yote ile, kishungi kwa kishungi. Mvua nazo zikamwonea huruma, na kiwanja kikawa kijani kitupu.

Kisha barua ikaja kutoka wizarani. Ilimshukuru kwa uzalendo. Ilimjulisha kwamba katika bajeti mpya kuna mawe ya msingi arobaini zaidi, na kwamba jukwaa litahitaji kupanuliwa. Endapo timu ya Kiroboto itabaki daraja la kwanza, upanuzi utaelekezwa nyuma. Endapo itashuka, kiwanja kitakuwa hakina matumizi, na upanuzi utaelekezwa mbele.

Bi. Sikudhani akaisoma mara mbili. Mbele ya jukwaa palikuwa na ukoka wake.

*

Siku ya mechi viongozi wote walikuwa na udhuru, hivyo waliwakilishwa na mawe yao. Hakuna hotuba iliyosomwa. Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi ile mechi ilianza kwa wakati, na watu wengi waliokuwa wamezoea hotuba ndefu walifika kipindi cha pili.

Kwenye jukwaa alikuwepo Bwana Mdimu peke yake, na kipaza sauti. Kwa kuwa Kanuni inakataza kumpa mgongo kiongozi, alikaa akitazamana na jiwe la Kinara Mkuu, mchezo ukiwa nyuma yake. Habari za uwanjani alizipata kwa masikio.

Chokaa walikuja na nguvu. Walikuwa watu wakubwa wanaopiga mpira kama wana ugomvi nao. Kiroboto, waliozoea kupiga chenga mawe, kwanza walipata taabu kucheza mahali pasipo na kitu cha kukwepa, lakini wakajipanga. Kipindi cha kwanza kikaisha hakuna bao. Cha pili kikasogea. Bi. Sikudhani alikuwa amesimama kwenye mstari na ndoo ya chokaa ya kuchorea, na kila mpira ulipopita karibu na goli la Kiroboto alijikuta ameshika kichwa.

Dakika ya themanini na tisa Chokaa wakaja tena. Beki wa Kiroboto, Shomvi, muuza mitumba, akaamua kuuondoa mpira ule mpaka nchi ya jirani. Akaupiga kwa nguvu zake zote. Mpira ukavuka mstari, ukapaa, ukaingia jukwaani, ukampiga Kinara Mkuu wa marumaru katikati ya jina lake. Ukasikika mlio mmoja mkavu, kipande cha jiwe kikaruka, na mpira ukarudi uwanjani kwa kasi ileile, ukampita kipa wa Kiroboto aliyekuwa anafunga kamba za viatu, ukatulia wavuni.

Mwamuzi alikuwa amekwisha kupuliza filimbi. Akaonyesha mpira wa kurusha, na hata Chokaa hawakubisha. Lakini Bwana Mdimu alikuwa amesimama, akitazama herufi iliyomeguka.

"Mpira umekwenda wapi?" akauliza kwa kipaza sauti, bila kugeuka.

"Umeingia golini, bwana," watu wakamjibu.

"Golini. Kutoka kwa nani?"

Wote walikuwa wameona kutoka kwa nani.

"Mwamuzi," akasema Bwana Mdimu, "hilo ni bao."

"Mzee, mpira ulishatoka nje."

"Nje ya nini? Mheshimiwa Kinara Mkuu hawezi kuwa nje. Popote alipo ndipo katikati. Bao limefungwa na Mkuu wa Nchi, na wewe unataka kulikataa. Jina lako nani kwa ukamilifu?"

Mwamuzi alikuwa na mke, watoto watano na kibanda alichokuwa bado anakijenga. Akaonyesha kati. Chokaa wakashangilia kwa uangalifu, wakitazama huku na huku. Kiroboto wakakaa chini kwenye ukoka, na Shomvi akajifunika uso kwa jezi.

Bi. Sikudhani aliona barua ya wizara kama iko mbele ya macho yake. Aliona matofali yakishuka kutoka jukwaani, safu kwa safu, yakija juu ya ukoka. Alikasirika kwa namna ambayo hakuwa amekasirika miaka minne yote ya kukwangua, na hasira ile ikamfungua akili. Akaitua ndoo, akapanda ngazi za jukwaa, akasimama kando ya Bwana Mdimu kwa adabu, uso akiwa ameuelekeza kwenye jiwe.

"Bwana Mdimu, nina swali la kiitifaki."

"Uliza, Bi. Sikudhani."

"Si utaandika taarifa ya bao? Naomba kujua, utaandika Mheshimiwa anachezea timu gani?"

Kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa. Uwanja mzima ukasikia.

Bwana Mdimu akaanza kupiga hesabu. Akiandika Chokaa, ni huko huko Chokaa kulikotoka mbunge pekee wa upinzani katika nchi nzima. Akiandika Kiroboto, basi Mheshimiwa amejifunga, na hilo ni jambo ambalo Kanuni yote, vifungu mia tatu na kumi, haikuwa imelifikiria.

"Mheshimiwa," akasema hatimaye kwa sauti ndogo, "ni wa wote."

"Ndivyo tunavyojua," akasema Bi. Sikudhani. "Na bao lake je?"

Bwana Mdimu akalitazama jiwe. Jiwe halikumsaidia.

"Bao lake ni la wote," akasema.

Basi likaandikwa hivyo. Kiroboto moja, Chokaa moja, wafungaji Kinara Mkuu na Kinara Mkuu. Mwamuzi akapuliza filimbi ya mwisho kabla mtu mwingine hajapata wazo. Watu wa Kiroboto wakamwaga furaha ambayo walikuwa wamekwisha kukatwa kodi yake, na Bi. Sikudhani akalia waziwazi, kamasi na yote, huku akitafuta kwenye nyasi kile kipande cha marumaru kisije kikaharibu makali ya fyekeo lake.

*

Wizara ilitimiza ahadi, upanuzi ukaelekezwa nyuma. Lakini bao la Kinara Mkuu lisingeweza kuachwa hivihivi. Wiki ya pili Bwana Mdimu alikuja na wapima ardhi wawili na barua: aonyeshwe mahali hasa mpira ulipovukia mstari, liwekwe jiwe la kumbukumbu, na mahali hapo pawe pa sherehe zote za uwanja kuanzia sasa.

Bi. Sikudhani akajifuta mikono kwenye kanga, akamtazama Bwana Mdimu vizuri. Kisha akatangulia. Akauacha ukoka, akapita kando ya jukwaa, akazunguka ukuta wa nyuma, akasimama kwenye jalala la manispaa, mahali ambapo hata magugu yalikuwa yamekata tamaa.

"Hapa," akasema.

Bwana Mdimu akatazama maganda ya ndizi. "Hapa? Una hakika?"

"Bwana Mdimu, wewe si ulikuwepo?"

Bwana Mdimu hakuwa mjinga, alikuwa Afisa Itifaki tu, na papo hapo alielewa mambo mawili: kwamba anadanganywa, na kwamba hawezi kusema hakuliona bao aliloliamuru mwenyewe.

"Nilikuwepo," akasema. "Ni hapa."

Akatia saini. Jalala likasawazishwa, likamwagiwa kokoto, likawekewa jiwe na pazia na nafasi ya mahema. Wageni rasmi wote hupelekwa huko, na wanaridhika sana, kwa sababu pana kivuli cha ukuta na pilau haiingii vumbi. Mpaka sasa yamekwisha kuwekwa mawe kumi na matano mapya.

Jumapili iliyopita Mheshimiwa Dakta Pambe alisimama pale, akavuta kamba ya dhahabu, akatangaza kwamba uwanja wa kisasa umefikia asilimia tisini. Hapohapo, kutoka upande wa pili wa ukuta, watu wengi wakalipuka kwa shangwe. Waziri akatabasamu, akawapungia mkono. Kiroboto walikuwa wamefunga bao la pili.